Mafuta ya Mama Kweyu

Triza Nabalayo, ambaye Kaloleni nzima ilimjua kwa jina la Mama Kweyu, hakuwa mkunga. Hilo alilisema mwenyewe kabla hujamuuliza. Wanawake wa mtaa walijifungulia hospitalini kama serikali ilivyotaka, lakini waliporudi nyumbani na kitoto ndani ya shali, yeye ndiye aliyeitwa. Alikanda tumbo la mzazi, akakanda mgongo, akakanda matiti mpaka maziwa yakashuka. Kisha aliketi sakafuni, akanyoosha miguu, akamlaza mtoto juu ya mapaja yake na kumnyoosha kiungo kimoja kimoja. Mtoto aliyekuwa amewashinda wazazi kwa kilio alilala mdomo wazi. Wanawake walisema mikono ya Mama Kweyu ina baraka, naye alijibu kwamba baraka ni ya Mungu, yeye ana mafuta tu.

Mafuta yenyewe hayakuwa ya dukani. Yaliletwa na mumewe, Luseno, kutoka yadi moja ya vyuma chakavu katika eneo la viwanda. Kazi ya Luseno ilikuwa kufungua transfoma za zamani, zile kubwa za umeme zilizokwisha kutumika, ili shaba iliyomo itolewe na kuuzwa. Ndani ya kila transfoma kulikuwa na mafuta. Yalikuwa mazito, rangi ya asali changa, hayana harufu ya kuudhi, hayaozi, hayagandi hata baridi ya Julai inapouma. Wafanyakazi wa yadi walijipaka magotini na viunoni. Luseno alileta chupa ya kwanza kwa ajili ya goti lake lililokuwa likivimba, goti likalegea, na mkewe akaona kitu cha maana.

Siku ile alipoleta chupa, Luseno alimwambia mkewe jambo moja. Msimamizi wao, mtu aliyeitwa Dedan, alikuwa amewaonya kwamba mafuta yale yasiingie kwenye chakula. Hakueleza sababu. Triza alilishika onyo lile kama alivyoshika mambo ya kanisa lake. Chupa ilikaa chumbani juu ya kabati, mbali na jiko, na mtu aliyeigusa alinawa kwa sabuni kabla ya kushika sahani. Hakuna aliyeyala hata tone. Kwa miaka sita au saba hivi, watoto wengi wa Kaloleni, na wengine waliotoka mpaka mtaa wa Tena, walipakwa mafuta yale tangu wiki yao ya kwanza duniani, na mama zao walipakwa kifuani kabla ya kunyonyesha.

Luseno hakujua hilo la kifuani. Alijua mkewe anakanda viungo vya wazee na migongo ya wazazi. Mambo mengine ya chumba cha uzazi mwanamume wa Kiluhya haulizi, na baba mkwe haulizi kabisa yanapomhusu mke wa mwanawe.

Mke huyo wa mwana alikuwa Rispa. Alikuwa binti wa fundi mmoja wa reli wa hapo hapo Kaloleni, Mjaluo, msichana mrefu mwenye maneno machache na kicheko cha ghafla. Kweyu, mwana wa Triza aliyefanya kazi relini, alimwoa, kisha reli ikampeleka Kisumu, akawa anarudi mwisho wa mwezi. Rispa alibaki na mama mkwe wake katika nyumba ile ya vyumba viwili yenye paa la vigae, na Luseno akawa analala katika kibanda alichojenga nyuma, kama adabu ilivyotaka. Mtoto wa kwanza wa Rispa alifariki kabla hajajifunza kukaa. Kwa hiyo mimba ya pili iliposhika, Triza aliikalia kama kuku anavyokalia yai. Kila jioni alimkanda Rispa mgongo na kiuno, polepole, kwa mafuta ya kutosha.

Mtoto alizaliwa mwaka 1994, msichana, akaitwa Whitney, jina ambalo Rispa alilipenda redioni. Alikuwa mdogo. Kucha zake zilikuwa na weusi fulani chini yake, na ufizi wake ulikuwa wa kijivu, kama mtu aliyekula zambarau.

"Itaisha," Triza alisema. "Ni damu ya uzazi."

Akamkanda zaidi.

*

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata walikuja watu wa chuo kikuu na mashine. Ilikuwa sanduku jeupe lenye mlango na feni ndani, na kamati ya ukumbi wa jamii iliwaruhusu kuiweka juu ya paa la ukumbi. Ilinguruma mchana kutwa. Ilikuwa ikivuta hewa na kuipitisha katika kipande cha sponji, na kila baada ya muda msichana mmoja alipanda ngazi, akavaa glavu, akatoa sponji ile kwa koleo, akaifunga ndani ya foili kama mtu anayefunga mkate wa komunyo.

Siku zile watu walikuwa na hofu ya masikio ya serikali. Vijana waliokuwa wakikaa kwenye ngazi za ukumbi walihama.

"Mathe, hiyo si mashine ya hewa," mmoja alimwambia Triza. "Hiyo inanasa story zetu."

"Zenu zipi? Za mpira na wasichana?"

"Ata hizo, mathe. Serikali ni mafisi."

"Basi itajaa upumbavu ipasuke, turudishiwe paa letu," Triza alisema, na vijana wakacheka mpaka msichana aliye juu ya paa akachungulia chini.

Msichana huyo aliitwa Kanyiva. Alikuwa Mkamba kutoka Machakos, mwembamba, mwenye miwani, akisomea shahada yake ya pili ya kemia. Alieleza kwa subira kila alipoulizwa. Kuna sumu, alisema, ambazo hazionekani wala hazinuki, zinazosafiri angani, zinazoingia majini, na zinazopenda mafuta. Zikiingia katika mwili wa mtu hazitoki kwa mkojo wala kwa jasho. Zinakwenda kukaa kwenye mafuta ya mwili. Alikuwa amezipima hewani, alikuwa amekwenda Mombasa kuzipima katika maji ya bahari, na sasa alitaka kuzipima ndani ya watu. Njia rahisi ya kupima mafuta ya mtu bila kumkata kisu ilikuwa maziwa ya mama.

Hapo ndipo alipokwama. Kliniki iliyokuwa jirani ilimsaidia kupata chupa chache kwa mkono wa muuguzi, lakini alipoanza kupita nyumba kwa nyumba, milango ilifungwa. Maziwa ya mama hayatoki nje ya nyumba. Anayeyashika ameshika mtoto, na Mungu pekee ndiye anayejua atayapeleka wapi. Mama Okinyi, aliyekuwa na mtoto mchanga nyumba ya kona, alimwambia mlangoni, "Dada, kama ni ya chai, muuza maziwa yuko pale kwenye kioski."

"Si ya chai, mama."

"Basi ni ya nini, nawe huna mtoto?"

Kanyiva alikwenda kwa Triza akikaribia kulia. Triza alimpa chai na kumsikiliza. Aliuliza sumu hizo zinatoka wapi.

"Dawa za mbu, dawa za mashambani, moshi wa takataka," Kanyiva alisema. "Na vingine vingi vya viwandani, ila..." Whitney akaanza kulia katika chumba cha pili, Triza akainuka kumchukua, na orodha ikaishia hapo.

Triza ndiye aliyetafuta njia. Alisema maziwa atayakamua yeye, mbele ya mama mwenyewe. Mtoto ataonjeshwa tone la kwanza mdomoni, ili yeye awe ametangulia, na chupa ataibeba yeye Triza mpaka kwenye gari la chuo bila kuipitisha katika mkono wa mtu mwingine. Ili wanawake wasiogope, alianza na mke wa mwanawe. Rispa aliketi kitandani, mlango wazi, wanawake wanne au watano wakitazama. Triza alimimina mafuta kiganjani, akayapasha moto kwa kusugua, akamkanda matiti kwa mduara kama alivyofanya siku zote. Maziwa yakaruka ndani ya chupa ya kioo.

"Umeona?" Triza alimwambia Mama Okinyi. "Hakuna mchawi hapa, kuna chupa tu."

"Na wewe ndiye unayeifunika?"

"Mimi mwenyewe."

Mama Okinyi akafungua vifungo vya blauzi yake. Baada yake wakaja wengine.

*

Majibu yalichukua muda. Mvua ndefu zikanyesha, mitaro ikafurika, na Whitney hakuwa akiongezeka uzito kama ilivyotakiwa. Alinyonya vizuri, mara nyingi, kwa nguvu, na Rispa alisema kwa fahari kwamba huyu atamkausha. Lakini alikuwa mlegevu. Ukimwinua, kichwa kilichelewa kufuata. Triza aliongeza kumkanda, asubuhi na jioni.

Luseno naye alianza kuota vipele vyeusi mashavuni na nyuma ya masikio. "Nimerudi kuwa kijana," aliwaambia marafiki zake pale soko la Burma walipokuwa wakila nyama. "Mke wangu awe macho." Walicheka, lakini mmoja wao, Wekulo, aliyefanya kazi naye yadini, hakucheka. Aliinua mkono wa shati akaonyesha vyake.

Kanyiva alirudi siku ya Jumamosi, bila lile kasha la barafu la kubebea chupa za maziwa. Aliomba kuketi na Triza na Rispa, wao tu. Alikunjua karatasi ndefu juu ya meza, na akaweka glasi mbili ili isijikunje. Mashine ya maabara, alisema, inachora mstari, na sumu ikipita mstari unapanda kama mlima. Mlima mrefu, sumu nyingi.

"Mombasa nilichuja madumu na madumu ya maji ya bahari," alisema, "na mlima wa sumu hii haukufika unene wa ukucha. Hewa ya juu ya ukumbi wenu ina mlima mdogo, huu hapa. Wanawake waliokamuliwa na muuguzi pale kliniki, ni huu mfupi hapa."

Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Ulipanda, ukapanda, ukafika ukingo wa juu wa karatasi, na hapo ukawa umelala, kwa sababu kalamu ya mashine ilikosa pa kwenda.

"Hii ya nani?" Rispa aliuliza, ingawa jina lake lilikuwa limeandikwa kwa penseli pembeni.

"Yako. Nimerudia nikidhani mashine imekosea. Chupa zote alizokamua mama ziko juu, ila yako imezipita zote."

Triza akakunja uso. "Unataka kusema mikono yangu ni michafu?"

"Sijasema hivyo, mama. Nataka kuona unachopaka."

Triza akaingia chumbani, akarudi na chupa. Kanyiva aliifungua, akaimimina kidogo kwenye kidole, akainusa, akauliza imetoka wapi. Triza akamwambia. Kanyiva aliiweka chupa mezani taratibu sana. Alifuta kidole kwenye koti lake, kisha akalitazama lile koti, akalivua.

Mafuta ya transfoma hizo za zamani, alieleza, mengi yametengenezwa kwa sumu ile ile anayoitafuta. Hayakuwa na sumu ndani yake tu. Yenyewe ndiyo sumu.

Luseno alikuwa amerudi kutoka kazini. Alisimama barazani, asiingie, kwa sababu mke wa mwanawe alikuwa ndani akinyonyesha. Alikuwa amesikia vya kutosha. Alisema akiutazama ukuta, "Mwambieni huyo mwalimu wa chuo kwamba sisi tuliambiwa yasiliwe tu."

"Na hayakuliwa," Triza alisema.

Kilichosikika ni Whitney, akimeza.

Rispa ndiye aliyesogea kwanza. Alimtoa mtoto titini, akafunga shuka kifuani, na Whitney akaanza kulia. Kanyiva alimsihi angoje. Kulikuwa na jambo moja zuri, alisema, ambalo lazima lipimwe kabla ya lolote. Huenda sumu yote ile ilitoka mikononi mwa Mama Kweyu na juu ya ngozi, ikatiririka ndani ya chupa wakati wa kukamua. Kama ni hivyo, maziwa yaliyoko ndani ya mwili ni salama, na mlima ule ni wa uongo. Rispa aoge kwa sabuni, asiguse mafuta yale tena, nguo na mashuka yafuliwe au yatupwe. Baada ya wiki kadhaa ajikamue mwenyewe kwa mkono wake, pasipo mtu kumgusa. Chupa hiyo ndiyo itakayosema ukweli.

"Na kabla ya hapo anyonye nini?" Rispa aliuliza.

Maji ya mtaa siku zile yalikuwa ya kuchotwa, kipindupindu kilikuwa kimeshasikika mitaa ya jirani, na watoto waliolishwa kwa chupa walikuwa wakifa kwa kuhara. Daktari wa kliniki, alipoulizwa, alisema amnyonyeshe tu.

Kwa hiyo Whitney akaendelea kunyonya. Rispa alimnyonyesha akiwa ametazama pembeni.

*

Zile wiki za kungoja zilikuwa mbaya kuliko majibu. Kanyiva aliichukua chupa, akaondoka nayo ikiwa imefungwa ndani ya ndoo. Triza alisugua kabati kwa sabuni ya unga mpaka rangi ikabanduka. Alikuwa akiitwa bado, kwa sababu watoto hawakuacha kuzaliwa, na alikwenda na mafuta ya nazi ya dukani, na wanawake wakalalamika.

"Mama Kweyu, yale ya zamani yako wapi? Haya yanakauka haraka."

"Yamekwisha."

"Si mzee atakuletea mengine?"

"Hayapatikani tena."

Hakuwaambia. Alijitetea kwa Rispa kwamba hakuna haja ya kutisha watu kwa jambo ambalo huenda likawa la mikono tu. Lakini kuanzia siku ile Rispa alimwogesha mtoto mwenyewe, akamvisha mwenyewe, na Triza aliponyoosha mikono kumpokea, Rispa alipita naye kando, kwa adabu, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni.

Kule yadini mapipa yaliendelea kujaa. Luseno alimwambia Dedan aliyoyasikia, na Dedan akasema yeye alishaonya. Pikapu moja ilikuwa ikija kuyachukua mafuta. Wekulo alisema yananunuliwa na wakaangaji wa chipsi kwa sababu hayaunguzi na yanadumu sana. Luseno aliacha kula vitu vya kukaanga, akaacha kwenda Burma. Kuacha kazi hakuweza.

Rispa alijikamua siku aliyoagizwa. Alifunga mlango. Aliipeleka chupa mwenyewe mpaka kwenye gari, na safari hii hakumwonjesha mtoto tone la kwanza.

Kanyiva alipoleta majibu hakukunjua karatasi. Alisimama katikati ya chumba akasema mlima umepungua, kwa kuwa ule wa mwanzo ulikuwa na sumu ya juu ya ngozi pia. Lakini bado ni mrefu kuliko wowote aliowahi kuuchora. Sumu ilikuwa ndani. Ilikuwa imeingia kupitia ngozi, mwezi baada ya mwezi, tangu mimba ya kwanza.

"Inatolewaje?" Rispa aliuliza.

"Haina dawa."

"Itatoka yenyewe?"

Kanyiva alikuwa mkweli, na pengine siku ile ilikuwa afadhali angekuwa mwongo. Alisema katika mwili wa mtu mzima inatoka polepole kwa miaka mingi. Njia moja tu ndiyo ya haraka. Mama anaponyonyesha, mafuta ya mwili wake huingia katika maziwa, na sumu huondoka nayo. Kila mwezi anaonyonyesha, mama anapungukiwa.

Rispa alifikiri. "Kwa hiyo mimi natakaswa kupitia kwake."

"Sikumaanisha..."

"Najua hukumaanisha."

Siku hiyo alimwachisha Whitney ziwa. Alijifunga kifua kwa leso, kwa nguvu, na maziwa yakalowesha leso ikabidi afunge nyingine. Mtoto alilia siku nzima, akakataa uji, akakataa kijiko, akaligeukia titi kila alipobebwa. Triza alikaa kwenye ngazi za nje, mikono juu ya magoti, akisikia. Maisha yake yote hakuna mtoto aliyewahi kulia hivyo karibu naye bila kuitwa. Alisimama mara moja, akafika mlangoni.

"Mama, tafadhali," Rispa alisema kutoka ndani. "Usimshike."

Kisha, baada ya muda, bila kufungua mlango, akasema, "Waambie wengine. Usipowaambia wewe, nitawaambia mimi."

*

Wanawake wa kanisa walikutana ukumbini siku ya Alhamisi. Baada ya maombi Triza aliomba nafasi. Wengi walidhani ni mchango wa mazishi. Alisimama mbele, akakunja kitambaa cha kichwa mkononi, na akaeleza yote kwa utaratibu: yadi, chupa, onyo la chakula, karatasi ya mlima. Hakulia na hakuomba msamaha kwa maneno mengi. Feni ya ile mashine ilikuwa ikisikika juu ya paa.

Mama Okinyi alikuwa ameketi mstari wa mbele, mtoto mapajani.

"Mama Kweyu, mimi si ulinishika?"

"Nilikushika."

"Na huyu?"

"Na yeye."

"Kwa mafuta hayo hayo?"

"Hayo hayo."

Mama Okinyi alisimama, akamwinua mtoto wake kwa makwapa, akamnyoosha mbele ya Triza. "Basi mchukue umwangalie. Uniambie ana nini."

Triza hakuinua mikono. Mtoto aling'inia pale kati yao, mnene, akichezesha miguu, mpaka mama yake akachoka akamrudisha begani.

"Tufanye nini sasa?" mwanamke mmoja wa nyuma aliuliza.

"Sijui," Triza alisema. "Huyu msichana wa chuo pia hajui."

Wengine waliwaachisha watoto ziwa wiki ile, na mmoja wa watoto hao alikufa kwa kuhara kabla ya mwisho wa mwaka. Wengine hawakuamini. Kulikuwa na mzee wa kike aliyekuja baadaye, kwa kificho, kuomba kama limebaki tone la kiuno chake. Lakini hakuna mzazi aliyemwita Triza tena. Walimsalimia vizuri. Walimsogezea kiti kanisani. Wakijifungua, walisikia kwamba kuna mwanamke mwingine anayekanda, kule Tena.

Mashine ya ukumbini iliondolewa utafiti ulipokwisha. Luseno alifariki mwaka 1997. Hospitali ilisema ni ini. Wekulo, aliyebeba jeneza, alikuwa amejifunga shingo kwa skafu wakati wa joto.

Whitney hakufa. Hilo Rispa alilishika. Alichelewa kutembea lakini alitembea, alichelewa kusema lakini alisema. Weusi wa kucha ulififia. Alikuwa mtoto mpole, mwenye kucheka ghafla kama mama yake, na mwalimu wa chekechea alilalamika tu kwamba anachofundishwa asubuhi mchana hakipo.

Mwaka 1999 Kanyiva alirudi, sasa akiitwa daktari kwa shahada yake ya tatu ya kemia, akiwa na mkanda wa mpira na sindano. Alikuwa amepata njia ya kupima kwa damu. Rispa alikubali, kwake na kwa mtoto. Majibu yalipokuja waliketi katika ofisi ndogo kliniki, Rispa na Kanyiva mezani, Triza kwenye kiti cha karibu na mlango. Whitney alikuwa nje kwenye benchi akimsubiri mama yake.

Sumu ya Rispa ilikuwa imeshuka. Ya mtoto, Kanyiva alisema, ilikuwa juu kuliko ya mama yake.

"Miezi ile michache tu?" Rispa aliuliza. "Michache ile?"

"Na tumboni pia. Na mwili wake ni mdogo."

"Itatoka lini?"

"Polepole. Mwili unaitunza. Kuna wanaoishi nayo bila kuonyesha chochote."

"Sikuuliza hivyo, daktari. Yangu imeshuka kwa sababu nilimnyonyesha, siyo?"

"Kwa sehemu kubwa, ndiyo."

"Na yake itashuka kwa njia gani?"

Kanyiva alizipanga karatasi zake, ncha kwa ncha. Hakuwa tena yule msichana wa kusema yote.

"Atakapozaa," Triza alisema kutoka mlangoni.

Rispa aligeuka akamtazama mama mkwe wake. Haikuwa kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Kisha akachukua mkoba wake, akaaga, wakatoka wote wawili.

Whitney aliruka kutoka kwenye benchi. Plasta ya siku ile ya sindano ilikuwa bado mkononi, imechakaa, kwa kuwa alikuwa amekataa ibanduliwe.

"Daktari amesema nini?"

"Amesema unakua vizuri," Rispa alisema.

"Nyanya, ni kweli?"

Triza alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ili aseme. Aliitazama ile sura iliyoinuliwa kumwelekea, ikingoja.

"Amesema hivyo," akajibu.